Gagulo Jekundu Juu ya Mlingoti

"Dada, usisahau ile ya gagulo!"

Aliyepaza sauti alikuwa mgeni wa hoteli, bwana mmoja mwenye tumbo la heshima na kofia ya majani pana kama sinia. Alikuja kwenye matembezi haya juzi, akaja jana, na leo kaja tena kama mtu aliyeandikiwa na daktari.

Redio akacheka. "Ya gagulo haisahauliki, baba. Ngoja kwanza niwafikishe kwenye mlingoti."

Jina lake la kuzaliwa alilijua mama yake na mlipa mishahara. Mji mzima ulimwita Redio, kwa kuwa tangu alipoanza kusema hakuna aliyewahi kuona kitufe cha kumzimia. Hoteli ilimwajiri awatembeze wageni kutoka ngazi zake hadi gati la zamani, akiwasimulia mji ulivyoanza, na alikuwa fundi. Mgeni aliyetoka chumbani akiwa na nia ya kulala aliishia kusimama juani mdomo wazi hadi ulimi ukababuka.

Leo kundi lilikuwa la kawaida, isipokuwa wanawake wawili waliofuata kwa nyuma tangu mwanzo. Mmoja alikuwa mtu mzima aliyejitanda mtandio mwekundu, mpya, unaowaka hata ukiutazama unataka kupepesa macho. Wa pili alikuwa kikongwe mdogo mwenye fimbo, na miwani ya jua iliyommeza uso mzima. Hawakucheka hata mara moja. Redio akawaweka moja kwa moja kwenye fungu la wageni wanaokuja pwani kulalamikia mashuka.

"Kabla ya hoteli," alianza alipofika chini ya mlingoti wa ishara, "hapa palikuwa na bandari tu. Chumvi inatoka, mbao zinaingia. Ufuo huu mnaokodishiwa viti, watu waliuona uchafu. Mchanga ndani ya chumvi, mchanga ndani ya mbao, mchanga mpaka kwenye meno. Hakuna aliyeoga baharini isipokuwa aliyesukumwa!"

Wageni wakacheka.

"Sasa kile kibao cha hoteli kinasemaje? Kwamba meli ya abiria matajiri ilikuwa inapita, nahodha wake akaona uzuri wa ufuo, roho ikapenda, akaingia. Uongo mtupu. Meli iliitwa, na aliyeiita ni huyu hapa." Akaupiga mlingoti kofi. "Bandari zote za duniani, kitambaa chekundu maana yake simama. Kwetu sisi, chekundu maana yake njoo, mlango uko wazi, kwa sababu asubuhi kuna ukungu na cheupe hakionekani. Basi siku hiyo maji yamekupwa, mlango wa bandari una kina cha kuogea bata, na huku juu kuna kitu chekundu kinapepea. Meli ikaja na mbwembwe zake zote, puu! Juu ya fungu la mchanga lile pale. Matajiri wakashushwa wangojee meli ivutwe. Kungoja kukawachosha, wakavua viatu. Wakavua soksi. Kuja kushtuka, wameshakuwa watalii!"

"Gagulo!" Mwenye Kofia hakuweza kuvumilia.

"Tunalifikia, baba. Mji ukasema mlinzi wa mlingoti alilewa, akakosea bendera. Akafukuzwa kazi. Lakini mimi nina siri ambayo hamtaipata kwa mtu mwingine. Haikuwa bendera. Lilikuwa gagulo la mkewe! Jekundu, pana, lenye nakshi kwenye pindo. Kamba ya nyumbani ilikatika, mama wa watu akaja kulianika hapa juu. Kwa hiyo mkiwa mmelala kwenye viti vyenu mkumbuke: mji huu wote umezaliwa chini ya gagulo!"

Vicheko vikapaa hadi ndege wakaruka kwenye mapaa ya maghala. Mwenye Kofia alijishika mbavu. Redio, akiwa bado na tabasamu la ushindi, akainua macho, akamwona.

Nahodha, mpenzi wake, alikuwa amesimama kando ya nguzo ya kufungia meli. Mwanaume ambaye siku zote alimkuta na mafuta ya mashine mpaka kwenye kope, leo alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na viatu vinavyong'aa. Mkono mmoja ulikuwa mfukoni, umeshika kitu kidogo kama mtu anavyoshika yai. Macho yake, yale macho ambayo yakimtazama tu Redio alisahau sentensi katikati, yalikuwa makavu.

"Mama," alisema, bila kumwondolea Redio macho hayo. "Bibi. Huyu ndiye."

Mwenye mtandio mwekundu akavuta pumzi. Kikongwe akavua miwani, taratibu, na chini yake yakatokea macho yale yale, ila ya zamani zaidi.

Redio akaishusha bendera yake ndogo ya kuongozea wageni.

*

Walikwenda kugombana kwenye chumba cha mizani ya chumvi, ambacho hakijapima chumvi tangu enzi za mababu, na ambamo wawili hao walikuwa wakiibiana busu kati ya kundi moja la wageni na jingine. Leo Nahodha alisimama upande wake wa mizani, Redio upande wake.

"Mara ngapi?" aliuliza Nahodha.

"Mara ngapi nini?"

"Usinichezee. Yule bwana wa kofia anaijua kwa moyo. Umeisimulia mara ngapi?"

Angeweza kudanganya. Ulimi ulishajikunja tayari. Lakini alimpenda mtu huyu, na kumdanganya kulimshinda hata leo. "Tangu uliponiambia."

"Nilikuambia kichwa changu kikiwa mapajani mwako." Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo iliyotisha. "Nilikuambia kitu ambacho baba yangu aliniambia siku moja tu, mlango umefungwa. Na wewe kesho yake umekipandisha jukwaani."

"Nilidhani..."

"Babu yangu aliitwa mlevi mpaka anaingia kaburini! Hajawahi kuonja hata tone. Alifukuzwa hapa, akaishia kubeba viti vya wageni ufuoni, wageni walioletwa na aibu yake mwenyewe, na watoto wakimpita wanayumba kumwiga. Akanyamaza. Unajua kwa nini alinyamaza?"

"Najua! Ndiyo maana mimi..."

"Ili mke wake apite sokoni bila mtu kuwaza nguo yake ya ndani!"

"Na mimi nimemsafisha babu yako!" Redio naye akapandisha. "Nani katika mji huu aliwahi kumtetea? Nyinyi? Mmekaa kimya mnameza matusi kama vidonge. Mimi ndiye wa kwanza kusimama pale nikasema hakuwa mlevi!"

"Na wakiondoka pale wanasemaje?"

Nje, kupitia dirisha lisilo na kioo, ilisikika sauti ya Mwenye Kofia akiimba gagulo, gagulo, kwa mahadhi aliyoyatunga mwenyewe.

"Unaona," alisema Nahodha.

"Na wewe je?" Hasira ilimjaa upya, ikichanganyika na haya, na mchanganyiko huo ni mbaya kuliko petroli. "Umemleta mama yako na bibi yako kimya kimya, umewavisha miwani kama wakaguzi wa machinjio. Mimi ng'ombe? Mnanitazama meno?"

"Mama alisema mwanamke anayepiga domo na wageni kutwa hafai kuolewa kwetu. Nikamwambia njoo umsikilize kwanza. Nilitaka akuone unavyong'ara. Mimi, mjinga, nilitaka kumringia mama yangu!"

"Kwa hiyo ulikuwa mtihani, na mwenye kutahiniwa hakuambiwa."

"Ungeambiwa ungefanya nini?"

"Ningeacha ya gagulo!"

Neno likatoka, likakaa juu ya mizani, na wote wawili wakaona lilivyo zito.

"Kumbe ulijua," alisema Nahodha polepole. "Ulijua kabisa kwamba si kitu cha kusema mbele yao."

Redio akauma mdomo. Alitamani kuvuka ile mizani, amshike shati lile lililopigwa pasi, alikunje kwa machozi. Kiburi kikamshika miguu.

"Tagi inaondoka mchana huu, maji yakianza kutoka," alisema Nahodha, akitazama ukuta. Tagi ni ile boti fupi yenye nguvu za fahali inayovuta meli kubwa, na bandari nyingine ilikuwa imeiomba kwa msimu mzima. Aliyetakiwa kuipeleka alikuwa yeye. Alikataa kwa ajili ya Redio, akampa msaidizi wake safari. "Nitaipeleka mwenyewe."

"Nenda!" Redio alipiga kelele. "Nenda ukanyamaze huko! Ndicho mnachokijua ukoo mzima!"

Nahodha akamtazama. Kama angemtukana ingekuwa nafuu. Alimtazama kama mtu anayefunga mlango wa nyumba aliyoijenga mwenyewe, kisha akatoka.

*

Redio alipotoka uso ulikuwa umevimba, na mama mtu alikuwa anamngoja kwenye ngazi za gati, mtandio ukiwaka.

"Kwa hiyo ndiyo hiyo redio yenyewe," alisema mama. "Nilimwambia mwanangu, mwanamke akizoea kusemea hadharani, hata chumbani atataka watazamaji. Akanikasirikia. Leo nani mkweli?"

"Mama, kama umekuja kunitukana, jipange. Mwanao ametangulia na amemaliza maneno mazuri yote."

"Mdomo huo! Mbele ya mkwe!"

"Mkwe gani? Huyo mwanao anaondoka."

"Anakwenda wapi?"

Honi ya tagi ikajibu, nzito, ikatikisa madirisha ya maghala. Mama akageuka. Boti ilikuwa imeshaachia kamba, na kwenye kibanda cha usukani lilionekana shati jeupe.

"Lakini msaidizi wake ndiye..." Akasogea hadi ukingo wa gati. "Alisema hatakwenda. Aliniapia. Msimu mzima? Mwanangu wa pekee?" Akamgeukia Redio, macho yamejaa. "Umemfukuza mwanangu!"

"Mimi? Wewe ndiye uliyekuja kunikagua!"

"Mmemaliza?"

Alikuwa Bibi. Alikuwa ameketi juu ya nguzo ya kufungia meli, fimbo mapajani, akiwatazama kama mtu anayengoja foleni. Redio akapiga magoti palepale kwenye mawe.

"Bibi, nisamehe. Sikujua kama..."

"Nikusamehe nini? Ngoja na mimi nikasirike, tangu asubuhi sijapewa nafasi." Akamnyooshea fimbo. "Umesema kamba yangu ilikatika."

"Bibi?"

"Mbele ya watu! Kamba yangu haijakatika hata siku moja. Umenifanya mwanamke asiyejua kuanika. Na nakshi kwenye pindo umeitoa wapi? Lilikuwa gagulo la kawaida la heshima."

"Mama, hayo si ya kusema," mkwewe alijaribu.

"Ameshayasema huyu kwa mji mzima, mimi mwenye gagulo nikatazwe? Sikulianika. Nililipandisha. Makusudi, kwa kamba yake, mpaka juu." Akairudisha fimbo mapajani. "Tuligombana. Sikumbuki tuligombania nini, ila nakumbuka nilikuwa sahihi. Mwanaume akaacha mlingoti wake, akachukua mtumbwi, akaenda kununa kule nyuma ya mwamba. Kununa kwao hawa unakujua. Nikangoja. Nikaona sitangoja tena. Alishanifundisha kwamba nyekundu ni njoo. Bendera alikuwa amezifungia kabatini, na ufunguo anao yeye. Mimi nyekundu nilikuwa nayo moja tu, tena nimeivaa."

Bibi akaunyooshea mlingoti fimbo.

"Nilimwita mume," alisema Bibi, "ikaja meli."

Redio alishindwa acheke au alie, akafanya vyote.

"Alijua, Bibi? Kwamba ulikuwa unamwita yeye?"

"Alikuwa wa kwanza kufika. Alipiga kasia hadi viganja vikachubuka. Akaniuliza, umenisamehe? Nikamwambia, la, rudi tuendelee kugombana. Ndipo tukasikia puu." Akapangusa miwani kwa pindo la nguo. "Akaniambia shusha, vaa, ingia ndani. Akapandisha bendera yeye. Walipokuja kuuliza, akasema nimekosea. Wakamuuliza umelewa? Akasema andikeni mnavyotaka. Sasa wewe mtoto unayejua kusema, sema. Mwanaume wako yule anakwenda. Utapiga domo au utafanya kazi?"

Redio alikuwa ameshasimama. Aliitazama bendera yake ya kuongozea wageni: ya bluu, ndogo kama leso.

"Hicho cha kupengea kamasi?" Bibi alifyonya. "Ataona nini?"

Kisha wote wawili, bila kupanga, wakamgeukia mama mtu.

"Mmerogwa," alisema mama, akiukumbatia mtandio. "Huu ni mpya. Nimeununua kwa ajili ya leo, kuja kumwona... Hapana."

Tagi ikapiga honi ya pili, mbali zaidi. Mama akaitazama. Akamtazama Redio kwa chuki kabisa. Akauvua mtandio kwa hasira kama anayechuna ngozi, akautupa kifuani kwa Redio.

"Ukichanika, usikanyage kwangu!"

"Na usipochanika?"

"Pandisha, kabla sijabadili mawazo!"

Mlingoti ulikuwa wa maonyesho tu siku hizi. Kamba yake ilikuwa imekauka kama ukuni, na kila Redio alipovuta ilimkwaruza viganja. Alivuta akimtukana Nahodha, alivuta akijitukana mwenyewe. Mtandio ukapanda, ukapata upepo, ukafunguka wote, mwekundu hadi ukaona bahari imepauka.

Mashua mbili za starehe zilizokuwa zinatoka zikageuza. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa hata hajafika mlangoni akarudi, bila kujua amerudia nini. Na kule nje, baada ya kitambo kilichomzeesha Redio, tagi ikaanza kuzunguka.

"Anakuja!" alipiga kelele mama.

Ilikuja kasi, pua juu, povu pande zote. Tatizo ni kwamba wakati wao wanapigana maneno, maji nayo yalikuwa yanatoka. Bibi ndiye aliyeliona kwanza. "Aaah," alisema, kama anayemwona mtu aliyezoeana naye. Na tagi, ile boti ya kuwavuta wengine wakikwama, ikapanda juu ya lile fungu la mchanga, ikainamia ubavu, ikatulia.

Nahodha aliruka majini yakamfika kiunoni. Alikuja akitembea, shati jeupe limemganda mwilini, anapiga kelele tangu mbali.

"Nani? Nani kapandisha? Nilidhani Bibi ameanguka!"

"Nimeanguka wapi, si nimekaa!" akajibu Bibi.

Akapanda ngazi akichuruzika maji, akasimama mbele ya Redio hivi, pumzi zao zinagongana. "Una akili wewe? Nimeikalisha tagi ya watu mchangani! Nitachekwa bandari zote!"

"Nyekundu ni njoo," alisema Redio. Viganja vyake vilikuwa vinavuja damu kidogo, na Nahodha akaviona, na hasira yake ikajikwaa.

"Kuniita uniambie nini?"

"Kwamba nimekosa. Na kwamba sijamaliza kugombana na wewe."

Hakupata kujibu, maana kundi zima la wageni lilikuwa linakuja mbio, Mwenye Kofia mbele, na Bwana Bandari, msimamizi wa gati, akiwapita wote, filimbi ikimrukaruka kifuani.

"Nani amegusa mlingoti?" alifoka Bwana Bandari. "Tagi imekaa pale kama kuku anayeatamia! Na hiki nini? Mtandio? Mtandio wa nani huu?"

Mama mtu alijikunyata. Kichwa chake kilikuwa wazi mbele ya mji mzima, na uso umemshuka. Akafumbua mdomo, hofu imemjaa.

"Ni bendera," alisema Redio haraka. "Ya kwangu. Nimeipandisha mimi, nimekosea."

"Umekosea vipi? Umelewa?"

Nahodha akainua kichwa kama aliyepigwa kofi. Redio alimtazama yeye, si Bwana Bandari.

"Andika unavyotaka."

Bwana Bandari aliandika, tena kwa kukandamiza kalamu, akaahidi kwamba meneja wa hoteli atalisikia kabla ya chakula, akaenda zake kutafuta kamba za kuvutia. Bibi alivaa miwani yake, akautazama upande wa bahari kwa muda mrefu.

Mwenye Kofia hakuweza kujizuia tena. Alikuwa ameshajishika mbavu mapema. "Dada! Hii nayo imekaaje? Tusimulie basi!"

Wageni wote wakatega masikio. Hadithi ilikuwa imemjaa Redio mdomoni, tamu, nzima, yenye kichwa na mkia, bora kuliko zote alizowahi kusimulia. Akaimeza.

"Haina hadithi, baba. Maji yamekupwa tu."

Wakangoja. Hakuongeza neno. Wakaanza kutawanyika, wakigeukageuka nyuma.

Mama mtu aliushusha mtandio mwenyewe, akaukagua pindo kwa pindo, mpaka akapata alichokuwa anakitafuta. "Umechanika," alisema, akimtazama Redio kwa ukali. Akaukunja, akampa. "Kesho ulete umeshonwa. Nyumbani."

Akamshika Bibi mkono, wakaondoka.

Nahodha alibaki amesimama, maji yakimtoka kwenye vile viatu vinavyong'aa. Mkono wake ulikuwa umerudi mfukoni, ukihakikisha kitu kile kidogo bado kipo.

"Bado nina hasira," alisema.

"Kuwa nazo," alisema Redio, akisogea hadi bega lake likalowa. "Huendi popote mpaka maji yajae."